Je, Ni Busara Kubadili Injini ya Gari Kuukuu?

Katika njia zetu za Kilwa na Lindi limeenea neno moja ambalo kila mwenye Land Rover kuukuu hulisikia: “Itoe injini hiyo ya zamani, tia ya Toyota, gari litakuwa jipya.” Neno hili hupendeza masikioni, nami sikatai ya kuwa lina chembe ya kweli. Lakini kwa jinsi linavyofuatwa siku hizi, yakini nasema ni neno la hatari. Na wanaolipa gharama yake si wenye magari tu, bali ni abiria wasiojua kilichomo chini ya boneti.

Kwanza na tuwatendee haki wenye kulisema. Husema injini ya asili haina nguvu. Ni kweli. Land Rover 109 ya Series III, iliyoundwa tangu 1971 hata 1985, ikiwa ya dizeli ina nguvu za farasi kama 60 tu. Injini ya Toyota iitwayo 1HZ ina silinda sita na sentimita za ujazo 4,164, na nguvu zake hupita farasi 120. Tena husema spea za Toyota hupatikana kwa wepesi. Hilo nalo ni kweli.

Basi kosa liko wapi? Kosa ni kudhani kwamba injini ndiyo gari. Wahenga walisema, Usione vyaelea, vimeundwa. Waliounda gari lile walipima kila kiungo kwa injini ndogo: klachi, giaboksi, difu, na zile shafti mbili za ekseli ya nyuma. Ukizitwisha nguvu mara mbili, umekuwa kama nahodha wa Kivinje atwekaye tanga la jahazi juu ya mlingoti wa mashua. Upepo ukiwa mwanana ataonekana hodari. Siku ya kusi kali ndipo atakapojuta.

Tena liko jambo ambalo wengi hawalijui. Breki ya mkono ya magari hayo haishiki magurudumu. Hushika shafti itokayo nyuma ya giaboksi. Gari likiwa linasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, na shafti moja ya ekseli ikakatika, mwendo hupotea, wala breki ya mkono haifai kitu.

Haya sikuyasoma kitabuni. Niliyaona katika mlima wa njia ya Kipatimu, ndani ya gari lililobadilishwa injini, tukimchukua mama mjamzito kwenda hospitali. Ukasikika mlio mmoja, kisha gari likaanza kurudi nyuma. Dereva alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Zilikuwa zile zile za dramu, zimechakaa, maana fedha zote zilikwisha kwa injini. Tuliokolewa na jiwe alilolitia utingo nyuma ya gurudumu. Tangu siku ile, mtu akinisifia injini yake, humwuliza kwanza habari za breki.

Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya Rufiji mwaka 2003, na lami ikatufikia, tumeshikwa na tamaa ya mbio. Lakini gari kuukuu halikuwekwa duniani kushindana na mabasi ya Dar es Salaam. Kazi yake ni matope ya njia ya Liwale na mawe ya milima ya Umatumbi, na kazi hiyo hutaka gea nzito na subira, si mbio. Injini ya zamani ikitoa moshi haijafa: huenda ringi zimelika, au nozeli zimechoka. Fundi mwangalifu huifungua, akaipima, akaitia vipya vinavyohitajiwa, na gharama yake aghalabu ni ndogo kuliko ya injini ya mtumba isiyojulikana imetembea maili ngapi.

Sisemi kubadili ni haramu. Mwenye chesisi nzima, na fedha za kununua injini pamoja na giaboksi yake, ekseli imara na breki zilizo sawa na nguvu hizo, na abadili. Wala asisahau kadi ya usajili, ambayo imeandikwa namba ya injini. Kadi isiyolingana na gari ni ugomvi na polisi na mnunuzi pia. Lakini mwenye fedha za injini tu, huyo hana fedha za kubadili injini. Na aanze na breki.

Najua mafundi wengine watanikasirikia. Aliye na jibu na aliandike, tulisome sote. Ila kwanza apakie watu wake mwenyewe katika gari hilo, awapandishe mlima wa Kipatimu wakati wa masika.