Nani Kaziba Utoro wa Lambo?



Wapo wanaosema lambo limekaa toka enzi za wazee, halina neno. Hiyo si hoja. Lambo la udongo huzeeka kama nyumba ya miti: mchwa wala ndani, nje unaliona zima. Mikorosho imeota juu ya tuta, nasi twafurahia kivuli. Mzizi ukifa ukaoza unaacha tundu, maji yanapita humo na udongo kidogo kidogo. Ng'ombe nao njia yao ni hapo hapo, kila siku wanalikata.

Lakini balaa kubwa ni utoro, ile njia ya kupunguzia maji lambo likijaa. Watu wameuziba kwa miti na viroba ili perege wasitoke! Yaani kwa kitoweo cha jioni moja? Maji yakikosa njia yatapita juu ya tuta, na tuta la udongo likishapitiwa juu halikawii kukatika.

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, Solai, Nakuru, nchini Kenya, bwawa la udongo la shamba moja lilipasuka kwa mvua. Walikufa watu zaidi ya 40.

Mwingine atasema hiyo kazi ya serikali. Haya, mtaalamu wa maji aitwe toka Kisarawe, aje aseme miti mikubwa ikatwe vipi, maana kung'oa ovyo nako kunatoboa tuta. Ila kutoa kiroba kunataka mtaalamu gani?

Viroba vitoke kabla ya masika. Wenye nyavu pale wanajulikana, na mkutano ujao watatajwa.