Lebo Hutaja Uzi, Haitaji Mkono

Jumapili moja mchana, katika ukumbi wa kukodi mjini Kitengela, mwezeshaji wa semina ya "mavazi yenye maadili" aliinamia safu ya mbele, akageuza ukosi wa blauzi ya mama mmoja, akasoma lebo, kisha akatikisa kichwa kama daktari aliyeshika eksrei mbaya. "Poliesta," akatangaza. Akawaeleza akina mama waliojaa ukumbini kwamba mtu mwenye dhamiri huvaa pamba, kitani au mwanzi. Kingine chochote ni plastiki, na plastiki ni dhambi. Makofi yakapigwa. Mwenye blauzi akajitanda leso.

Mwezeshaji hakuuliza mama huyo anafanya kazi gani. Ni fundi wa cherehani katika kiwanda kimoja cha EPZ, eneo maalumu la viwanda vya bidhaa za kuuza nje, Athi River. Wiki nzima kabla ya kufunzwa maadili ya nguo, alikuwa akishonea wateja wa Marekani suruali za jinzi za pamba tupu, ambazo yeye mwenyewe hamudu bei yake. Blauzi iliyomwaibisha ni ya mtumba, aliipata soko la Kitengela kwa shilingi hamsini, na huu ni mwaka wa nne anaivaa.

Imani kwamba maadili ya nguo yamo katika aina ya uzi imeshika mizizi kwa sababu ni nyepesi. Mwenye pesa hununua gauni la kitani, akapewa dhamiri safi kama nyongeza, na hakuna anayemuuliza swali gumu. Lebo hutaja uzi. Haiutaji mkono ulioshona, sembuse ujira uliolipwa mkono huo.

Anayetaka ushahidi hahitaji semina. Aamke saa kumi na moja alfajiri, asimame kando ya Barabara ya Namanga, awatazame wafanyakazi wakiharakisha kwa miguu kuelekea Athi River. Sheria iliyozaa EPZ ilipitishwa mwaka 1990. Mei 2000 Rais Bill Clinton wa Marekani akatia saini AGOA, sheria ya biashara na nchi za Afrika, na nguo zilizoshonwa Kenya zikaingia Marekani bila ushuru. Ploti za vyumba vya kupanga zikaota Kitengela palipokuwa malisho. Januari 2003 maelfu ya wafanyakazi wa EPZ waligoma, wakilalamikia mishahara, saa za kazi na jinsi walivyotendewa na wasimamizi. Pamba iliyokuwa mikononi mwao ilikuwa asili kabisa. Haikuwatetea.

Wala pamba yenyewe si ya hapa. AGOA iliwaruhusu wenye viwanda kuagiza kitambaa kutoka nchi nyingine, kwa hiyo majora hushuka Mombasa kutoka Asia, yanakatwa, yanashonwa, yanarudi melini. Katikati ya miaka ya 1980 Kenya ilivuna takriban marobota 70,000 ya pamba kwa mwaka. Kisha bei zikaporomoka, viwanda vya nguo navyo vikafuata: Kicomi ya Kisumu ikafungwa, na Rivatex ya Eldoret ikaanguka mwaka 2000 kabla ya kununuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007. Mkulima aliyeng'oa mipamba yake akapanda mahindi, lebo haimjui.

Yako na makubwa kuliko hayo. Kwa miaka mingi serikali ya Uzbekistan iliwatoa walimu madarasani na wauguzi hospitalini, ikawalazimisha kuchuma pamba mashambani. Mashirika yaliyokuwa yamewataka wanunuzi waisusie pamba hiyo yaliondoa wito huo Machi 2022 tu. Ilikuwa pamba safi, yenye kupumua, ambayo mwezeshaji angeisifu bila kusita. Na tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza lilipoporomoka Bangladesh na kuua watu 1,134, wengi wao mafundi wa nguo, kifusi hakikuuliza nani alikuwa akishona pamba na nani poliesta.

Mwanzi nao? Kitambaa kinachouzwa kwa jina hilo aghalabu ni rayoni: mwanzi husagwa, ukayeyushwa kwa kemikali kali, ukavutwa kuwa uzi. Mwaka 2022 tume ya biashara ya Marekani iliyafikisha mahakamani maduka ya Walmart na Kohl's kwa kuinadi rayoni kama mwanzi, nayo yakakubali kulipa jumla ya dola milioni 5.5. Huo ndio mwanzi wenye dhamiri.

Watetezi wa vitambaa asili wana jibu wanalolipenda: pamba huoza ardhini, poliesta haiozi. Hoja ya ajabu! Kitengela yote, kuanzia Noonkopir hadi mpaka wa Athi River, hakuna aliyewahi kununua suruali ili aizike. Suruali huvaliwa, hupunguzwa kiuno, humshukia mdogo mtu, hukatwa kaptura, kisha huwa tambara la kupigia deki. Kama sifa kuu ya nguo ni kuoza upesi, basi semina ijayo ihimize watu kuvaa majani ya migomba.

Siku hiyo mwezeshaji alikuwa amejitupia shuka nyekundu ya Kimaasai mabegani "kuenzi asili yetu". Hakuna aliyeligeuza pindo lake asome lebo. Sehemu kubwa ya shuka zinazouzwa Kajiado na Nairobi ni akriliki, plastiki nduguye poliesta. Kabla ya shuka Wamaasai walivaa ngozi, kisha misafara ya biashara ikaleta kaniki na merikani, pamba nyeupe iliyopewa jina la nchi ilikofumwa. Akriliki imeshinda kwa sababu rangi haichujuki, upepo wa Kajiado hauipenyi, na shuka moja humfaa mchungaji kama vazi, blanketi na mwavuli kwa miaka. Mwenye duka la kifahari anayebadilisha magauni ya kitani kila msimu hana la kumfunza mchungaji huyo.

Na tukitaja ngozi, ipo kichekesho kingine. Kajiado ni nchi ya ng'ombe. Bei ya ngozi mbichi imeanguka kiasi kwamba wachinjaji wengine huona heri kuzitupa. Wakati huohuo mikoba ya "ngozi isiyodhuru mnyama" inauzwa ghali madukani Nairobi, nayo mingi ni kitambaa kilichopakwa plastiki. Ng'ombe kaliwa nyama, ngozi yake imetupwa jalalani, na plastiki ndiyo imepewa cheti cha huruma.

Wazazi nao wana yao. Kila Januari hupewa barua na shule: sweta na sketi zinunuliwe duka fulani, si kwingine, kwa bei ya juu kuliko ile ya fundi wa mtaani. Sare yenyewe aghalabu ni uzi wa plastiki. Hapo hakuna mwezeshaji aliyewahi kusimama kuhubiri dhidi ya plastiki, ingawa mtoto huivaa siku tano kwa wiki.

Mitumba ndiyo iliyobaki kuwa jamvi la wageni. Tarehe 6 Juni 2022, akizindua manifesto yake katika uwanja wa Nyayo, mgombea urais Raila Odinga alisema Wakenya huvaa nguo za watu waliokufa. Wenye vibanda wakachemka, ikabidi ajieleze. Ripoti ya shirika la Changing Markets ya mwaka 2023 ilikadiria kuwa nguo kuukuu zaidi ya milioni 900 zilitumwa Kenya katika mwaka mmoja, na karibu nusu zilikuwa takataka. Wahubiri wa kitani huinukuu ripoti hiyo kumlaumu mvaaji. Lakini mama wa Kitengela hakufunga hilo robota. Lilifungwa na waliozichoka nguo zao kabla hazijachakaa, za pamba na za poliesta, zote pamoja.

Ndiyo maana swali la uzi ni la kupoteza wakati. Swali ni moja: nani alishona, na alilipwa nini? Muuza duka akishindwa kujibu, cheti chake cha pamba asilia ni karatasi tu.

Semina ya pili, inasemekana, itafanyika Jumamosi. Waandalizi wamwalike mwenye blauzi ya poliesta awe mnenaji, na kwa kuwa Jumamosi EPZ kuna zamu, wamlipe ujira wa siku atakayoikosa.