Muhuri Uleule, Kiwanja Kilekile, Wanunuzi Wawili

Makamanda, kuna mwenzetu, dereva bodaboda wa Mwanjelwa, alidunduliza miaka minne akanunua kiwanja pembezoni mwa Jiji la Mbeya. Dalali akamwonyesha mipaka, wakaandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, muhuri ukagongwa, na ile asilimia kumi ya "ofisi" ikatoka bila risiti. Alipopeleka tripu ya kwanza ya mawe akakuta msingi wa mtu mwingine. Na huyo mwingine naye ana karatasi. Muhuri uleule, saini ileile, tarehe ya miezi mitano nyuma.

Wapo wanaosema kijana alikuwa mzembe. Uzembe gani? Alienda ofisi ya serikali!

Tapeli wa viwanja peke yake hana nguvu, nguvu anapewa na muhuri. Sasa aliyeushika muhuri alichaguliwa na nani? Novemba 2019 wagombea wetu walienguliwa kwa wingi, tukajitoa, wenyeviti wakapita bila kupingwa. Tarehe 27 Novemba 2024 CCM ikatangaziwa zaidi ya asilimia 98 ya mitaa. Mwenyekiti asiyehitaji kura yako ataogopa nini kukiuza kiwanja mara mbili? Mkutano wa mtaa haitishi, mapato na matumizi hasomi. Halafu mtu anakwambia siasa haihusiani na kiwanja chako.

Na wakubwa je? Tangu 2015 mpaka Januari 2022 Waziri wa Ardhi alikuwa mbunge wa Isimani, hapohapo Iringa. Matapeli aliwafokea sana mbele ya kamera. Alipoondoka wizarani, sheria mahsusi ya kuwasimamia madalali wa nyumba na viwanja ilikuwa bado haijapitishwa. (Tusijioshe pia: 2015 hadi 2020 sisi ndio tuliongoza halmashauri za Mbeya Jiji na Iringa Manispaa, na madalali hawakulala njaa.)

Kwa hiyo mpaka tuwaondoe, jilinde mwenyewe. Kiwanja chenye hati huhama mikononi mwa Msajili wa Hati, si kwa mwenyekiti. Tangu 2020 kila mkoa una ofisi yake ya ardhi, mtu wa Kihesa hana haja tena ya kupanda basi kwenda Mbeya. Peleka nakala ya hati, lipia upekuzi rasmi, utaona jina la mmiliki na kama benki imeshikilia rehani. Dalali akisema hati iko njiani, mwambie na pesa iko njiani. Ukinunua ardhi ya kijiji huko Kilolo au Mbeya Vijijini, kumbuka Sheria Na. 5 ya 1999: mwenyekiti peke yake hana mamlaka ya kukugawia hata hatua moja. Ni Halmashauri ya Kijiji, tena kwa idhini ya mkutano mkuu.

Linaloniuma zaidi ni mikopo. Mkopeshaji wa kausha damu anakupa milioni mbili, na badala ya mkataba wa mkopo anakusainisha mkataba wa mauziano ya nyumba. "Ni utaratibu tu, mama." Ukichelewa marejesho, yeye si mdai tena, ni mnunuzi, na karatasi unayo saini yako. Tangu sheria ya 2018 mkopeshaji lazima awe na leseni, ya Benki Kuu au ya mamlaka iliyokasimiwa. Muombe aionyeshe kabla hujashika kalamu. Benki nazo tuzibane: nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, na haiuzwi kabla ya notisi ya siku 60. Dada zetu wanaamshwa na dalali wa mnada mlangoni, wanaambiwa "mke alishasaini". Mke yupi?

Yule bodaboda kesi yake iko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, tarehe zinasogezwa tu. Mwenyekiti ameitwa kutoa ushahidi. Ni shahidi wa pande zote mbili.