Hukumu Kabla ya Tendo

Mwezi uliopita ofisi yetu ilipokea barua mbili zisizo na saini. Zote mbili zilitutaka tuchapishe majina ya vijana wanne wa msikiti mmoja. Hazikutaja ovu lolote walilolitenda. Zilisema tu kwamba kwa namna wanavyojitenga baada ya sala ya Isha, na kwa vitabu wanavyovisoma, mwisho wao unajulikana. Hatukuyachapisha. Badala yake tumeona tuzungumze juu ya filamu, jambo ambalo pengine litawashangaza baadhi ya wasomaji wetu wa siku nyingi.

Filamu hiyo ni Minority Report, iliyoongozwa na Steven Spielberg na kutolewa mwaka 2002, kutokana na hadithi fupi ya Mmarekani Philip K. Dick ya mwaka 1956. Hatuisifu kwa kila kilichomo, wala hatumwiti kijana yeyote aiache darsa akaitazame. Lakini kisa chake kinatuhusu. Ni mwaka 2054, mjini Washington. Kwa miaka sita mji huo haujui mauaji, kwani polisi wanao watu watatu waliolazwa katika bwawa la maji, ambao huyaona mauaji kabla hayajatendeka. Jina la mtu huchongwa juu ya mpira wa mti. Polisi humwendea, humvika pete kichwani inayomzimisha fahamu, na hapo hubakia bila ya kesi. Kisha siku moja linatoka jina la mkuu wa kikosi chenyewe, John Anderton.

Anapofika mbele ya yule aliyetabiriwa kuwa atamuua, bastola mkononi, Anderton anajizuia na kuanza kumsomea haki zake kama mshitakiwa yeyote. Mtu yule anakufa hata hivyo, kwa kuivuta mwenyewe bastola ile, lakini lile lililohesabiwa kuwa hakika limekwisha kuvunjika: mtu ameijua njia ya shari akaweza kuiacha. Na mlango huo ndio toba.

Sisi Waislamu tunalo kisa kizito zaidi ya hicho. Katika Sura Al-Kahf, yule mja mwema aliyefuatana na Nabii Musa (a.s.) alimuua kijana kwa elimu ya ghaibu aliyopewa na Mola wake, na Musa hakuweza kunyamaza. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Najda, mmoja wa viongozi wa Khawarij, alimwandikia Ibn Abbas (r.a.) kuuliza juu ya kuua watoto wa maadui. Ibn Abbas alimjibu kuwa Mtume (s.a.w.) hakuwaua watoto, basi naye asiwaue, ila awe anajua juu yao kile alichokijua Khidhr juu ya yule kijana. Nani awezaye kudai elimu hiyo?

Wapo wanaoidai. Miezi michache kabla ya filamu hiyo kutoka, Januari 2002, Marekani ilianza kuwafungia watu Guantanamo. Kwa jumla walipita humo takribani 780, na walio wengi waliachiwa bila ya kushitakiwa kamwe. Polisi wa New York waliunda kitengo cha kupeleleza misikiti, mikahawa na maduka ya Waislamu. Mwaka 2012 afisa wao wa juu alikiri chini ya kiapo kwamba kazi hiyo haikuzaa hata upelelezi mmoja wa ugaidi, na mwaka 2014 kitengo kikavunjwa. Huko Xinjiang, China, shirika la Human Rights Watch lilieleza mwaka 2019 programu ya polisi inayomtia shakani mtu kwa kutumia umeme mwingi, kwa kutoka nyumbani kwa mlango wa nyuma, au kwa kutochangamana na majirani. Hapo hapakuhitajika watu wa bwawani, kompyuta ilitosha. Ndiyo maana filamu hiyo hutajwa mpaka leo kila panapozungumzwa polisi wa kubashiri.

Ni wepesi kwetu kuyalaani hayo, na yanastahiki kulaaniwa. Lakini barua zile mbili hazikutoka Washington wala Xinjiang. Zimeandikwa kwa Kiswahili safi, zimeanza kwa Bismillahi, na hapana shaka mwandishi wake anajihesabu kuwa mtu wa islahi kama sisi. Aya ya 12 ya Sura Al-Hujurat, inayokataza dhana nyingi na kupelelezana, waliambiwa walioamini. Na imesimuliwa kuwa Sayyidna Umar (r.a.) aliwahi kuukwea ukuta usiku akamkuta mtu katika maasia, mtu yule akamhesabia makosa matatu: amepeleleza, hakupita mlangoni, hakutoa salamu. Umar alimwacha.

Kama mwandishi wa barua zile amemwona mmoja wa vijana hao akitenda ovu, anaijua nyumba yao, na amwendee kwa nasaha ya faragha. Kama hakuona, hana ushahidi wa kuutoa, si kwetu wala kwa mwingine. Barua tumezichoma, na majina yale hatukuyanakili popote.