Gitaa la Besi: Tuuze Sauti au Tuuze Asili?

Waswahili husema mwacha asili ni mtumwa, na soko la magitaa ya zamani huko Marekani laithibitisha kauli hiyo. Magitaa ya besi ya Fender, yaliyoundwa kabla ya kampuni hiyo kununuliwa na CBS mwaka 1965, yana bei kubwa mno, mradi yamebaki kama yalivyotoka kiwandani. Likipakwa rangi mpya, bei huweza kushuka kwa nusu hivi, ingawa sauti ni ile ile.

Basi je, mpigaji asikiguse chombo chake? Mimi siafiki. Gitaa maarufu la Jaco Pastorius, Jazz Bass la 1962, lilitolewa vyuma vya shingoni, na sauti yake katika santuri ya 1976 ikawashangaza wapigaji wenzake.

Nasaha yangu kwa vijana wetu wa taarab ni hii: kinachofunguliwa kwa bisibisi kibadilisheni, lakini cha asili kiwekeni. Mbao ikishatobolewa haizibiki. Na siku ya kuuza, mwambieni mnunuzi kila kilichoguswa. Bei itapungua, jina halitapungua.