Droni za polisi: kwanza tuambiwe zimebeba nini

Jumamosi moja, katika kartie yetu ya Buyenzi, ndege ndogo isiyo na rubani, hizi ambazo watu huziita droni, ilipita juu ya mabati ikivuma kama nyuki. Ilikuwa ya wapiga picha wa arusi. Watoto waliikimbilia wakishangilia. Lakini jirani yangu, mama aliyezoea kuvuka Gatumba kwenda Uvira kutafuta vitenge, alivuta mtandio akafunika uso. Baadaye akaniuliza: "Mwalimu, kile kidude kikikuona kinaandika na jina lako?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Hilo ni swali la kila mtu aliyewahi kuikimbia nchi yake.

Mwaka 1972 baba yangu alikimbilia Tanzania kwa sababu ya orodha. Watu waliitwa kwa majina, wakapakiwa kwenye malori, hawakurudi. Mimi nilizaliwa na kusomea Ulyankulu, mkoani Tabora, na miaka yote tuliyokaa kule mzee hakupenda jina lake liandikwe mahali asipojua linapelekwa wapi. Nilirudi 2008, na hapa Bujumbura nyumba nyingi zimekuwa na daftari la kaya, lenye majina ya wote wanaolala humo. Polisi wakipita kukagua, mgeni asiyeandikwa ana maswali ya kujibu. Kwa watu wenye kumbukumbu kama zetu, droni ya polisi ni daftari jingine, tena linaloruka.

Nisieleweke vibaya. Sisemi polisi wasitumie vifaa vya kisasa. Usiku wa tarehe 22 Desemba 2023 watu 20, wakiwamo watoto, waliuawa Vugizo, huko Gatumba, hatua chache kutoka mpaka wa Kongo. Gatumba hiyohiyo kila Rusizi unapofurika familia huzingirwa na maji. Jicho la angani lingeweza kuonya mapema, na lingeweza kuwaonyesha waokoaji nyumba ipi bado ina watu. Bei ya vyombo hivi inashuka na majirani zetu wameshaanza kuvitumia. Ni busara kulizungumza jambo hili mapema.

Lakini ni ukweli usiopingika kwamba chombo hakileti imani. Polisi yetu ya Taifa iliundwa mwishoni mwa 2004, kufuatia Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000. Iliwachanganya waliokuwa askari wa zamani wa serikali na waliokuwa waasi, ili iwe polisi ya wote. Wengi wetu tulirudi kwa kuliamini neno hilo. Kisha ukaja mwaka 2015, maandamano ya kupinga muhula wa tatu, risasi za polisi mitaani, na watu zaidi ya 400,000 wakavuka mipaka. Wengi mnaosoma ukurasa huu mmetoka Nyarugusu, Nduta au Mahama. Mmerudi na karatasi mfukoni, lakini hofu hamkuiacha kambini.

Tujifunze kwa jirani. Tangu Oktoba 2016 droni za kampuni ya Zipline zinapeleka damu katika hospitali za Rwanda kutoka Muhanga. Wakulima walizizoea, kwa sababu waliambiwa zimebeba nini. Mwaka 2020, wakati wa corona, polisi wa Rwanda walirusha droni zenye vipaza sauti juu ya Kigali kuwahimiza watu wabaki nyumbani. Kwa aliye chini, zote ni ndege zinazovuma. Tofauti ni kwamba ya kwanza inashusha damu na kuondoka, na ya pili inamtazama, naye hajui picha yake italala wapi. Upande wa Kivu ni vibaya zaidi. Droni zilizorushwa Goma na Umoja wa Mataifa mnamo Desemba 2013 hazikuwa na silaha. Zilizofuata katika vita vya huko zilikuja na mabomu. Mfanyabiashara anayetoka upande huo akisikia mvumo hatafuti kuona ni ya nani, anatafuta pa kujificha.

Mfano mwingine uko mbali, lakini nao ni wa mji ulio karibu na mpaka. Chula Vista, huko California, jirani na Mexico, polisi wanatumia droni kuitikia simu za dharura tangu 2018. Wao hutangaza kila safari: droni ilienda wapi na kwa sababu gani. Hata hivyo mwandishi mmoja wa habari alikwenda mahakamani kudai video. Mwishoni mwa 2023 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba polisi hawawezi kuzificha zote kwa jumla kwa kudai ni za uchunguzi. Kama huko raia analazimika kushitaki ili aone, sisi tunahitaji kanuni zilizoandikwa kabla droni ya kwanza haijaruka.

Basi ninapendekeza haya. Sheria itaje nani anarusha, wapi, na kwa kazi gani. Picha zisizo za kesi zifutwe baada ya siku zinazojulikana. Kila safari ibandikwe kwenye ofisi ya zoni, kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa. Anayelalamika apokelewe na ofisi ya Ombudsman au tume ya haki za binadamu, CNIDH, na majibu yatolewe kwa maandishi. Na droni zisielekezwe kamwe kwenye mikutano na maandamano ya amani ili kujua nani alikuwapo.

Wakati fulani kibanda cha muuza mafuta ya mawese mtaani kwetu kilivunjwa. Askari mmoja alikuja kwa miguu, akataja jina lake, akauliza, akaondoka. Siku ya tatu akarudi kusema bado hajampata mwizi. Hakuwa na chochote mkononi, lakini alirudi. Tangu siku hiyo watu humweleza mambo ambayo hakuna kamera ingeyaona.

Siku polisi watakapoweza kumjibu yule mama wa vitenge kama askari yule alivyotujibu, uso kwa uso na kwa jina, warushe droni zao. Hatafunika uso.