Rangi Haina Kamusi ya Hisia

Katika uhakiki wetu kumekita mizizi mazoea ya kuifasiri rangi kana kwamba ni msamiati: nyeusi ni msiba, nyeupe ni amani, nyekundu ni hatari. Mwanafunzi akiikuta rangi katika shairi, huipachika maana aliyoikariri, kisha akasonga mbele. Nashikilia kwamba mazoea haya yanatupotosha. Ushahidi nautoa katika sanaa jirani ya uchoraji.

Mark Rothko (1903-1970) alikuwa miongoni mwa vinara wa uekspreshonisti wa kidhahania, mkondo ulioshamiri New York baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Michoro yake mashuhuri haina mtu, mti wala nyumba. Ina mistatili mikubwa ya rangi tu. Hata hivyo, alisisitiza kwamba alichokijali ni hisia za kimsingi za binadamu. Alizifikiaje? Alipaka rangi nyepesi tabaka juu ya tabaka, ya chini ikapenya katika ya juu. Kingo aliziacha bila mpaka dhahiri. Turubai zilikuwa kubwa ili mtazamaji azingirwe.

Tuutazame wekundu wake. Katika mchoro wa mwaka wa 1961 uitwao *Orange, Red, Yellow*, wekundu umepakana na rangi ya chungwa, nao unawaka kwa uchangamfu. Katika michoro aliyoianza mwaka wa 1958 kwa ajili ya mkahawa mmoja katika jengo la Seagram, kisha akakataa kuikabidhi, wekundu umekolea ukawa damu ya mzee, ukakabiliana na weusi. Huo unaelemea moyo. Kamusi gani ya rangi itatueleza tofauti hiyo?

Yamkini msomaji atasema kwamba jamii huzipa rangi maana. Naam, lakini hata hapo muktadha ndio mwamuzi: kanzu ya bwana harusi ni nyeupe, na sanda ni nyeupe vilevile.

Kiswahili chenyewe kinatuelekeza. Tunasema rangi ya chungwa, ya majivu, ya damu ya mzee. Rangi tunaijua kwa kitu inachoandamana nacho. Basi wahakiki chipukizi, tusiulize tu rangi hii inaashiria nini. Tuulize imepakana na nini, imetanda kiasi gani, na ni nani anayeitazama.